Supu ya Kupe

Kila aliyeingia shambani mle alikaguliwa getini, awe mgeni mheshimiwa au mtoto wa nyumba hiyohiyo. Hiyo ilikuwa sheria, na Baba alikuwa bunge, polisi na hakimu, kazi tatu kwa mshahara wa bure.

Basi siku Kengele aliporudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ndefu, alisimama getini na sanduku lake la bati huku Baba akitoa kitu kimoja kimoja na kukisomea mashtaka. Dawa ya meno: ina povu lisiloelezeka, ndani. Mafuta ya kujipaka yenye harufu ya waridi: waridi gani hilo lililoota kwenye kopo, ndani. Biskuti za rangi ya chungwa: mwanangu, hiki si chakula, hii ni rangi ya ukuta, ndani. "Ndani" maana yake ilikuwa pipa lenye kufuli nyuma ya mlango wa stoo, ambalo Kengele aliliita Gereza Kuu.

"Na hii?" Baba aliinua kalamu na kuinusa.

"Hiyo ni kalamu, Baba."

"Inanukia zabibu."

"Basi ni kalamu iliyookoka."

Baba alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia. Akajifuta macho, akasema, "Ndani."

Jina la Kengele la kwenye cheti lilikuwa limeshasahaulika. Mwaka uliotangulia, saa nne kasoro asubuhi, alichukua nyundo na kugonga kengele ya chakula cha mchana. Wanafunzi mia tano waliacha hesabu zao njiani, wakajipanga mbele ya bwalo na sahani mikononi, na mwalimu mkuu mwenyewe akatoka ofisini na kijiko chake. Alisimamishwa masomo wiki mbili, akaletwa nyumbani na barua. Baba aliisoma ile barua kwa sauti ya msiba mpaka pale penye kijiko, akashindwa kuendelea. Tangu hapo akamsimulia habari hiyo kila mteja aliyekuja kununua maziwa, akiongeza chumvi kila wiki, hadi wanafunzi mia tano wakawa elfu moja na kijiko kikawa uma na kisu.

Lakini sheria ya Baba haikuwa mzaha, na Kengele alijua ilikotoka. Ilitoka kifuani mwa Kitinda, mdogo wake wa mwisho.

Zamani walikuwa wakiishi mjini, chumba kimoja nyuma ya gereji ya kupaka magari rangi. Baba ndiye aliyekuwa akipaka. Kitinda alipofika mwaka mmoja, kifua kikaanza kulia. Kwanza kama mluzi wa mbali, baadaye kama birika linalochemka, na mara mbili midomo yake iligeuka rangi ya bangili za fedha. Hospitalini waliambiwa ni hewa, ni vumbi la rangi, ni vitu vingi. Baba alirudi gereji, akanawa mikono kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, mara ya mwisho, akaaga. Wakahamia kwenye kipande cha ardhi chenye zizi, kisima na nyumba ya vyumba vitatu. Wakanunua ng'ombe wanne, na Baba akaapa kwamba tone la sumu halitavuka geti lile maadamu yeye yu hai.

Na kifua kilinyamaza. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu bila hilo Baba angekuwa mtu mkaidi tu, na watu wakaidi wako wengi. Mwezi wa tatu baada ya kuhama, Kitinda alikimbia kutoka getini hadi kisimani bila kusimama, akageuka, akakimbia tena. Mama alikuwa anafua kwa sabuni ya majivu na mafuta ya mnyama, sabuni ambayo iliondoa uchafu na ngozi kwa pamoja. Aliacha nguo kwenye maji akaketi chini, akalia. Kuanzia siku hiyo hakubishana tena na sheria yoyote. Walisugua meno kwa mkaa. Maziwa waliyatia kwenye chupa za vioo. Inzi walifukuzwa kwa mkono, mmoja mmoja.

Shida ni kwamba kupe hawakusoma sheria hiyo.

Ng'ombe wote walipewa majina na Kengele, kwa heshima ya shule yake. Wa kwanza kufa alikuwa Mpishi, mnene kuliko wote. Tezi chini ya sikio ilivimba kama ndimu, kesho yake kama ngumi, kisha homa, kisha pumzi ya kukoroma na povu jeupe puani. Siku ya nane walimfukia. Mhasibu, aliyekuwa na macho ya kushuku watu, alifuata miezi minne baadaye, kwa njia ileile. Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki, akasema ni ndigana, inaletwa na kupe, dawa ya kuogeshea mifugo ipo dukani, ogesheni kila wiki. Baba alisoma maandishi ya chupa aliyoonyeshwa mpaka akafika kwenye picha ya fuvu. Akampa bwana mifugo maziwa ya kunywa njiani, akamshukuru, akamfungulia geti.

Badala yake akatengeneza dawa yake mwenyewe. Alichemsha majani ya mwarobaini, vitunguu saumu, pilipili kali na majivu, akaviacha vilale siku tatu, akachuja kwa kitambaa. Aliiita Dawa ya Kijani. Kengele aliiita supu ya kupe, kwa maana alichunguza kwa makini na kuridhika kwamba kupe waliipenda. Walinenepa nayo. Harufu yake ilikuwa kali hata Baba mwenyewe alijifunga kitambaa puani alipokuwa akiinyunyiza kwa bomba la mgongoni, kila Jumamosi asubuhi, mbele ya wateja.

Na kila Jumamosi, kabla ya kuimimina kwenye bomba, Baba alichota kikombe kizima kutoka kwenye ndoo, akakiinua juu kama padre, akakinywa chote.

"Nisichoweza kukinywa mimi," alitangaza, "hakimgusi ng'ombe wangu!"

Wateja walipiga makofi. Walikuwa watu wazuri waliotoka mjini na chupa zao za vioo. Alikuwepo mama wa mapacha, ambaye alikuwa mfamasia na alisema yeye anauza dawa wiki nzima, Jumamosi anapumzika nazo. Alikuwepo pia mzee mstaafu wa forodha, ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutoamini mizigo ya watu.

Ng'ombe wa tatu, Mwalimu wa Zamu, alikufa wiki moja kabla ya likizo. Kengele alikuta udongo wa kaburi bado mbichi. Akabaki Matroni, ng'ombe wa mwisho, mweusi, mpole, mwenye mwendo wa mtu anayekagua vitanda.

Siku ya pili ya likizo alikuwa chumba cha maziwa akiosha chupa aliposikia wazazi wake wakizungumza nje ya dirisha.

"Nimefukia ng'ombe watatu," alisema Mama. Hakupaza sauti. "Huyu wa nne akianguka, nafunga mizigo tunarudi mjini. Fundi cherehani hakosi kazi."

"Na kifua cha mtoto?"

"Unaniuliza mimi? Huku tutakula nini, mume wangu? Tutakula msimamo wako?"

"Haya," akasema Baba. "Matroni akianguka, tunarudi."

Kengele aliweka chupa chini polepole. Akatoka hadi zizini, akamshika Matroni sikio na kulikunjua. Kupe walikuwa wamejipanga humo kama shanga zilizotungwa na fundi. Chini ya mkia vilevile, na kwenye kiwele. Tezi bado hazijavimba. Nje, Kitinda alikuwa akimfukuza kuku kuzunguka kisima, anacheka, anapumua, anapumua bila kuhesabu.

Kengele alikuwa na miaka kumi na mitano na hajawahi kushindwa kupata hila. Kesho yake alitumwa kupeleka maziwa barabara kuu, akapitia duka la dawa za mifugo.

"Kofia moja ya chupa kwa maji lita kumi na tano," alisema mama mwenye duka. "Ukoroge vizuri, inapenda kukaa chini. Vaa glavu. Maziwa ya siku tatu mwaga. Ukimaliza chupa ifukie."

"Na mtu akiinywa?" Kengele aliuliza, kwa kichekesho tu.

Mama mwenye duka hakucheka. "Nani mjinga wa kuinywa hii?"

Geti lilimkagua mfuko, halikumkagua soksi. Alifukia chupa ile chini ya nguzo ya tatu ya uzio na kutulia kupanga, kama jemadari. Kikombe cha Baba hutoka kwenye ndoo. Kwa hiyo ndoo isiguswe. Ng'ombe hupata kilicho ndani ya bomba. Kwa hiyo dawa iende kwenye bomba, mapema, kabla Baba hajamimina supu juu yake. Harufu itafunikwa na vitunguu saumu, ambavyo vingefunika hata maiti. Kukoroga je? Atajitolea kumbebea Baba bomba, na njiani atacheza ngoma.

Ilikwenda kama alivyopanga. Jumamosi hiyo Baba alikunywa supu safi, akamimina iliyobaki kwenye bomba, na Kengele akalibeba hadi zizini kwa mwendo wa kurukaruka, kiuno hapa, kiuno pale, wateja wakicheka.

"Binti yako ana furaha," alisema mama wa mapacha.

"Huyo? Huyo ana shetani," alisema Baba kwa fahari.

Baba alipomaliza kunyunyiza, Kengele alikuwa tayari na maji na sabuni ya majivu, akamwosha Baba mikono hadi viwikoni, kwa maelezo kwamba wateja wanapenda kuona mtu msafi. Kisha ikawa kazi ya kupoteza maziwa ya siku tatu. Jumapili alijikwaa na ndoo. Jumatatu akaangushia kuku ndani. Jumanne akatia chumvi kwa bahati mbaya, mkono mzima wa bahati mbaya.

"Wewe mtoto," Mama alimwambia, "umerudi likizo au umekuja kutumaliza?"

Wiki zilizofuata akarudia vilevile, kwa ajali mpya za maziwa. Kupe walidondoka. Siku ya kwanza Matroni alijikung'uta, wakaanguka kama mchanga. Wiki ya pili masikio yalikuwa safi ndani mpaka yakang'aa. Wiki ya tatu manyoya yalilala vizuri na maziwa yakaongezeka, na Baba akawa mtu mwingine. Alitembea zizini akiimba. Alimkunjua Matroni masikio mbele ya kila mtu, kama mtu anayefungua kitabu.

"Miaka minne!" alisema mezani. "Kilichokuwa kinakosekana ni muda. Dawa ya asili haina haraka. Mama watoto, unaona? Uliona?"

"Nimeona," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza tangu Kengele arudi, alitabasamu. "Niliyasema yale kwa hasira."

Kengele alitazama sahani yake. Alijua kwamba angemwambia ukweli hapo hapo, Baba angemwaga kila kitu, Matroni angekufa kabla ya muhula kuanza, na Kitinda angerudi nyuma ya gereji. Akanyamaza. Alijiambia atatafuta namna kabla ya kurudi shule. Namna ilikuwa haijawahi kumkosa.

Jumamosi ya nne walikuja wateja wengi kuliko siku zote, maana Baba alikuwa amewaita waje kuona masikio ya Matroni. Kengele alichelewa. Kitinda alikuwa amemganda tangu alfajiri, dada nibebe, dada nisukie nywele, na alipopata nafasi ya kuingia stoo hakuwa na muda wa kupima kwa kofia. Alimimina kwa macho. Kisha Kitinda akamwita tena, na aliporudi, Baba alikuwa ameshamimina supu taratibu, ameshalifunga bomba na kulivaa mgongoni.

"Nikubebee, Baba!"

"Leo nabeba mwenyewe. Leo ni siku yangu."

Alitembea kwa heshima kama bwana harusi. Bomba halikutikisika hata kidogo.

Zizini alikuwa ameshachota kikombe chake, alichokibakiza kwenye ndoo ili akinywe mbele ya umati, anakiinua, mzee wa forodha alipopiga kikohozi.

"Samahani, bwana mkubwa. Ndoo tunaiona. Lakini ng'ombe hapigwi ndoo, anapigwa bomba. Humo mgongoni mna nini?"

Watu wakacheka. "Mzee, umeshastaafu!" mtu alisema. "Acha mizigo ya watu!"

"Nauliza tu. Miaka thelathini nimekunywa chai na watu waliokuwa wananionyesha ndoo."

Macho ya Baba yaling'aa. Mtu aliyeshinda huliomba swali kama hilo. Alimwaga kikombe chini, akalishika bomba, akapiga mpini mara tatu, akaielekeza pua ya bomba ndani ya kikombe. Mpira wa ndani ya bomba ulinyonya kutoka chini kabisa. Kilichotoka kilikuwa cheupe.

"Mnaona!" alisema Baba. "Hata rangi imekuwa ya maziwa!"

Akili ya Kengele, ambayo miaka yote haikukosa hila, ilitafuta hila. Amfungulie Matroni? Azimie? Apige yowe la nyoka? Sekunde mbili zilipita, labda tatu, akitafuta njia ya kumzuia Baba bila kumwambia. Baadaye sekunde hizo ndizo alizozirudia kila siku, moja baada ya nyingine.

"Baba, usinywe!"

Watu wote waligeuka.

"Nimetia dawa humo. Ya dukani. Ya kupe. Ni sumu, Baba, kweli, ni mimi niliyetia, usinywe!"

Halafu Baba akaanza kucheka, yeye wa kwanza.

"Jamani, kengele imegongwa!"

"Saa nne kasoro!" alisema mzee wa forodha, akajipiga paja. "Kijiko changu kiko wapi?"

Wakaangua kicheko, kicheko cha watu wanaompenda mtoto. Kengele alimrukia Baba, akadaka mkono. Baba alikuwa mrefu. Aliinua kikombe juu ya kichwa, kama alivyokuwa akiinua peremende zamani, akageuka mgongo, bomba likamsukuma Kengele kando, akanywa chote. Akapindua kikombe kuonyesha hakuna hata tone.

"Leo mwarobaini umekolea," alisema, akakunja uso.

Wakapiga makofi.

Alimnyunyizia Matroni upande mmoja. Alipozunguka kwenda upande wa pili alisimama, akajifuta mdomo kwa mkono, akajifuta tena. Mate yalikuwa yanamtoka kama ya mtoto anayeota meno. Machozi vilevile. Alimtazama Kengele kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi akakosa jibu, kisha nyama za shavu lake zikaanza kucheza peke yake, na magoti yakakunjika.

Mama wa mapacha alikuwa wa kwanza kufika. Alimfunua kope. "Mboni zimekuwa kama ncha ya sindano. Huyu amekunywa nini?"

"Dawa yake!" alisema Mama. "Majani!"

"Si majani, dada. Ni sumu ya wadudu. Niambieni ni ipi!"

"Hapa hakuna sumu!" Mama alisimama wima, na sauti yake ilijaa hasira na fahari. "Miaka minne! Uliza mtu yeyote! Shamba hili lote hakuna sumu!"

Kengele alikuwa ameshafika nguzo ya tatu. Alichimba kwa kucha. Alirudi na chupa imejaa udongo, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, na hakukuwa na mtu aliyecheka. Mfamasia aliifuta, akasoma, akaanza kutoa amri: mvueni nguo, mwageni maji, mlazeni ubavu, hapana, msimpe maziwa. Mama aliitazama chupa. Alilitazama lile fuvu. Kisha akamtazama binti yake.

Mzee wa forodha ndiye aliyeendesha gari. Njia nzima alikuwa anapiga honi na kulia, akisema, "Nimeuliza tu, jamani. Mimi nimeuliza tu."

Chupa ile ilisaidia. Daktari alisema hivyo. Alisema bila jina la sumu wangebahatisha. Walimchoma sindano, na nyingine, na nyingine, wakampitishia mirija ya plastiki puani na kooni, na mashine ikampumulia siku tano. Mama alikaa kwenye benchi la korido. Kengele alikaa mwisho wa pili wa benchi hilohilo. Siku ya tatu ndipo Mama alipozungumza.

"Ulitaka nini?" Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza.

"Matroni asife. Tusirudi mjini."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali vipimo vya nguo. "Na mimi ndiye niliyesema," alisema.

Siku ya sita Baba alifungua macho. Walishukuru, wakakumbatiana, na Kengele akaanza kuamini kwamba hata hili lingepita, litasimuliwa Jumamosi fulani kwa chumvi nyingi. Wiki ya tatu miguu ya Baba ikaanza kufa ganzi. Vidole kwanza, kisha nyayo, kisha magoti. Daktari alisema kuna sumu za namna hiyo, zinaondoka halafu zinarudi kuchukua kilichosahaulika. Mikono nayo ilibaki ikitetemeka. Labda mwaka, alisema daktari. Labda zaidi. Alipoulizwa zaidi ni kiasi gani, alikagua faili.

Mwanamume asiyesimama hakati majani wala hakamui. Mteja aliyesikia habari ile hakurudi, na wote walisikia. Matroni alinunuliwa na bwana mifugo, ambaye alimkagua masikio, kiwele na chini ya mkia, akasema kwa dhati kwamba katika kazi yake yote hajaona ng'ombe aliyeogeshwa vizuri namna ile. Matroni alitoka getini kwa mwendo wake wa kukagua vitanda. Alikuwa mnono, anang'aa, hana hata kupe mmoja.

Chumba walichopata mjini kilikuwa nyuma ya gereji. Si gereji ileile, lakini hakuna tofauti. Zote zina ukuta wa bati na vumbi la rangi linaloingia chini ya mlango, siku moja jekundu, siku nyingine la fedha. Mama aliweka cherehani karibu na dirisha. Kengele hakurudi shule. Kulikuwa na mtu wa kugeuzwa kitandani, kuoshwa na kulishwa, na kazi hiyo hakuiomba wala hakupewa. Aliamka siku ya kwanza akaianza.

Baba hakumgombeza kamwe. Hilo ndilo Kengele alilosubiri kila asubuhi, na kila asubuhi halikuja. Badala yake, mchana mmoja wakati Mama amekwenda kupeleka nguo, alimwita.

"Kengele."

"Abee, Baba."

"Wale kupe. Walianza kudondoka lini?"

Kengele alikuwa anamkausha miguu. Aliendelea, kidole kimoja kimoja. Alijua kabisa anachoulizwa. Jibu lilikuwepo tayari, zuri, limepangwa: walishaanza kupungua kabla, Baba, mimi nilikosa subira tu. Alikuwa amewadanganya walimu kumi na wawili na mwalimu mkuu mmoja kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini tangu siku ile zizini, kila alipotaka kutunga kitu, aliona kikombe kikipinduliwa.

"Jumamosi ya kwanza," alisema. "Ile niliyotia."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo, hata mmoja."

"Hata mmoja," alisema Baba.

Aligeuza uso akatazama ukuta. Hapo Kengele alielewa kwamba alipaswa kudanganya. Safari hiyo moja, alipaswa kudanganya.

Kitinda aliingia kutoka nje, ameshika fremu ya mlango. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Kifuani mwake birika lilikuwa limeanza, na chini ya macho yake pameshakuwa na kivuli. Hakulia. Alikuwa ameshajifunza kwamba kulia kunamaliza pumzi.

Kengele alikimbilia kabati akatoa kile kipulizio cha buluu walichopewa hospitalini. Baba alikuwa amegeuka. Alinyoosha mkono.

"Lete."

Alikipokea. Kilikuwa cha plastiki chote, na kopo la bati ndani yake. Alikisogeza karibu na macho, akakigeuza upande huu na upande ule kwa mikono inayotetemeka, akasoma yale maandishi madogo yote, kama alivyokuwa akisoma getini. Kengele alisubiri. Alingoja asikie neno lile, "Ndani," na alitamani alisikie kuliko kitu chochote duniani.

Baba alikiweka kwenye midomo ya mtoto.

"Vuta, mama," alisema, akabonyeza. "Vuta tena."

Nje, kwenye gereji, waliwasha kompresa ya kupulizia rangi.